Dakika mbili za filamu ya taharuki: stesheni ya Moshi, msitu wa Rau au gheto la Pasua?

Mwana_Pasua
Wakuu habari za jioni. Tuko watano, chuo kimoja hapa Moshi, tumepewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu ya taharuki. Si filamu nzima, ni dakika mbili za kwanza tu, na majina ya waigizaji yapite humohumo. Zimebaki wiki tatu. Tuna kamera moja ya kuazima yenye lenzi ileile iliyokuja nayo, simu mbili nzuri, na 60,000 ambayo ndiyo nauli, chakula na kila kitu.

Mawazo yako matatu na tumeshaanza kununiana.

La kwanza ni stesheni ya reli. Dada anasubiri treni giza likiingia, mtu mwenye begi anamkalia nyuma. La pili ni msitu wa Rau: anakimbia, hatujui anakimbia nini. La tatu ndilo langu, nalo wenzangu wanalicheka: chumba kimoja cha kupanga Pasua, binti yuko peke yake usiku anajisomea, nje kuna mtu. Basi.

Mngekuwa ninyi mngeshika lipi?

Mangi_wa_Kibosho
Rau aisee. Mbega wapo, wataigiza bure.

BintiSakina
Mdogo wangu, niko Arusha na hiyo kazi niliifanya miaka miwili iliyopita, kwa hiyo sikuhadithii ya kusikia. Sisi tulitaka sehemu ya umma yenye watu, sitaitaja. Tulienda na barua ya chuo tukaona inatosha. Walinzi wakatuweka kwenye benchi saa tatu nzima, tulipoachiwa jua limekwisha na mwigizaji wetu mkuu anataka kurudi kwao.

Stesheni msiione kama gofu la kupigia picha. Ni kweli jengo ni la zamani, reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, lakini treni ya abiria ilirudi Desemba 2019. Ni mahali pa kazi, pana wenyewe, na ruhusa yake haiji kwa kumsalimia mlinzi vizuri. Rau nao ni msitu wa hifadhi wa serikali, huingii na kamera kama unaingia sokoni. Na popote mtakapochagua, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali, kwa hiyo kesho asubuhi mtu mmoja wenu aende na barua ya chuo kwa afisa utamaduni wa manispaa aulize kazi ya wanafunzi inapita njia gani. Msiliache hilo hadi wiki ya mwisho.

Fundi_Taa
Dada hapo juu kamaliza upande wa karatasi. Mimi niseme upande wa mwanga.

Giza la kwetu haliingii polepole. Jua la Moshi huzama kati ya saa 12:20 na 12:50 jioni mwaka mzima, na likishazama una dakika kama 20 za ule mwanga wa buluu, kisha ni usiku. Hesabu shoti zako za stesheni. Kama ni nane, na kila moja mnairudia mara tatu, ni jioni ngapi hizo? Na kila jioni mawingu yake. Msituni ni balaa zaidi, maana chini ya miti mirefu hata saa 10 mchana kuna giza, utapandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) mpaka picha iote chenga kama televisheni ya zamani.

Chumbani mwanga ni wako. Ila kuna mtego. Umeme wetu ni hertzi 50. Simu nyingi zinakuja zimewekwa fremu 30 kwa sekunde, na chini ya zile balbu za bei nafuu utaona mistari inatembea kwenye picha. Weka fremu 25, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50, kwenye kamera na kwenye simu zote mbili, vinginevyo utakuja kulia siku ya kuhariri. Zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe. Taa moja tu ya mezani, shuka jeupe upande wa pili kurudisha mwanga kidogo usoni, pembe za chumba ziache nyeusi.

Kisha mtu mmoja asimame nje na tochi kali, aipitishe polepole dirishani kutoka kushoto kwenda kulia. Mtazamaji ataapa kuwa bodaboda imepita. Gharama yake ni betri.

Kinasa_Sauti
Gheto, bila kupepesa macho. Watu wakisikia "taharuki" wanafikiria kukimbia, kumbe hofu inaingilia sikioni. Mtu anayekimbia msituni namwonea huruma sekunde kumi, baada ya hapo namsubiri achoke.

Lakini Pasua saa 2 usiku huwezi kurekodi kitu. Redio, watoto, pikipiki, jirani anakaanga. Fanyeni hivi: picha pigeni muda wowote, sauti rudieni saa 8 au 9 za usiku, simu moja ikiwa karibu kabisa na kitu chenyewe. Ndala kwenye sementi. Kijiko ndani ya kikombe. Kanga ikiburuzwa kwenye kochi (hiyo ni nguo ya mtu anayepita nje, jaribu utashangaa). Halafu nyamazeni wote, mrekodi dakika moja ya chumba kitupu. Ukimya nao una sauti, na msipokuwa nayo kila unapokata shoti mtazamaji atasikia shimo.

Muziki wa kuokota mtandaoni acheni. Kama ni lazima, tumieni ule wa maktaba ya sauti ya YouTube unaoruhusiwa.

Mwana_Pasua
Nimewasomea wenzangu. Wawili wamelainika, mmoja anasema sawa, lakini "nje kuna mtu" si hadithi. Ana haki. Atafanya nini huyo wa nje? Kugonga kila mtu ameshaona.

BintiSakina
Chumba cha kupanga kinafungwaje? Kwa kufuli, nje. Binti akiwa ndani, kufuli huwa linaning'inia wazi kwenye komeo au liko mezani kwake.

Anzeni nje. Karibu sana, mkono tu, hatuoni uso. Unachukua kufuli lililoning'inia, unapitisha kwenye komeo, unabana. Ka! Majina yaanze kupita. Tukiingia ndani binti anasoma, ana vipokea sauti masikioni, hajui.

Mhariri_Usiku
Nimesisimka. Lakini mimi kufuli ningeliweka mwisho. Dakika moja na nusu tunaona kivuli chini ya mlango, hatua, kimya. Anajipa moyo, anaenda kufungua, mlango haufunguki. Skrini nyeusi, jina la filamu.

BintiSakina
Hapo umempa mtazamaji mshtuko wa sekunde moja. Mimi nampa dakika mbili za kujua jambo ambalo binti halijui.

Mwana_Pasua
Si tupige zote mbili, tuamue wakati wa kuhariri?

Mhariri_Usiku
Hapana, huo ndio uvivu unaoua kazi za wanafunzi, samahani kwa ukali. Si shoti zilezile. Kufuli likiwa mwanzo, shoti za ndani ziwe za kawaida kabisa na ndefu, na kila mara binti aukaribie mlango kisha kitu kimrudishe: anainuka kuchukua ndoo, simu inaita. Anashika kitasa, anakumbuka chai iliyo kwenye jiko. Hakuna kivuli, hakuna hatua, mtu wa nje ameshaondoka. Likiwa mwisho, unahitaji dalili, na shoti fupifupi. Mwigizaji naye hachezi sawa, mmoja ametulia, mwingine ana wasiwasi. Amueni kwanza, kisha mchore kila shoti kwenye karatasi, hata kwa vijiti.

Mwana_Pasua
Tumepiga kura, watatu kwa wawili. Kufuli mwanzo. Tutapiga Jumamosi kwa dada yangu, mama mwenye nyumba amekubali ila ametaka aonekane hata mara moja, kwa hiyo atapita koridoni na ndoo. Barua ya manispaa imeshaandikwa. Kimebaki kitu kimoja: kufuli letu ni la mchina, likibana linatoa sauti kama kibiriti. Nani ana zito?

Mangi_wa_Kibosho
Ninalo la babu, linasikika mpaka kwa jirani. Ila ufunguo wake ulipotea kitambo, kwa hiyo kabla hamjabana hakikisheni dada yuko nje.