Shem Karenga ni wa Kigoma au wa Tabora? Tubishane kwa hoja

Wadau za saa hizi. Hapa Kigoma kuna ubishi hauishi, kila redio ikipiga wimbo wa Dada Asha watu wa Tabora wanajimwambafai eti mtunzi wake Shem Karenga ni wao kwa vile ngoma ni ya bendi ya Tabora Jazz, na sisi tunajibu huyo kazaliwa hukuhuku, Tabora kaenda kutafuta riziki kama wengine waliopanda treni.

Sasa mimi ni Muha wa Mwanga hapahapa Kigoma na najua mtanitukana, ila naona Tabora wana haki zaidi. Miaka ya 70 mwanamuziki wa huku alikuwa apige wapi akajulikana nchi nzima? Tabora kulikuwa na Kiko Kids toka zamani, kuna Nyanyembe Jazz, kuna Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, bendi zinashindana mji mmoja, ukitunga kitu legelege mwenzako anakumaliza kesho yake. Ule mchecheto ndo uliomtoa Shem. Kuzaliwa kila mtu kazaliwa mahali.

Mwana Bangwe: Acha usaliti ndugu yangu. Yale magitaa yanavyojibizana, ile rithimu, ni mambo ya ziwani hayo, sisi tulikuwa tunasikia Wakongo toka ng'ambo kabla hata hao wa Tabora hawajajua. Tabora walipewa kitu kishaiva.

Wa Isevya: Shikamooni wakubwa. Mimi wa Tabora na sitaki hiyo sifa. Mnagombania marehemu aliyefariki Desemba 2014 huko Dar, haya, mtaa gani hapa kwetu una jina lake? Au huko kwenu? Sikilizeni kipindi cha zilipendwa vizuri, wimbo ukiisha mtangazaji anasema "hao walikuwa Tabora Jazz," linaingia tangazo la sabuni. Mtunzi hatajwi! Nusu ya wanaoucheza harusini wanadhani Tabora Jazz ni jina la mtu.

Mleta mada: Hapo umenishika pabaya, lakini bendi ndo ilivyokuwa, wimbo wa wote. Mpiga besi na wa tarumbeta nao tuwaweke wapi?

Wa Isevya: Watajwe nao, nani kakataza? Kupiga na kutunga ni vitu viwili bro. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, maana yake familia ina haki mpaka 2064. Hata kama kanda ilirekodiwa RTD (Redio Tanzania) enzi hizo, sawa, ila utunzi haukuwa wa RTD. Redio za mikoa yetu hii miwili zinapiga kila wikiendi, waulizeni kama wanajaza jina la mtunzi kwenye orodha za nyimbo walizopiga.

Mwana Bangwe: Hilo la haki ya mtunzi nakuunga mkono mia kwa mia. Ila Shem wa Kigoma.