Mwaka wa tatu baiolojia: PCR tumefanya kwa rula na penseli, halafu mnasema vijana hatuna ujuzi

Wakuu, wasimamizi naomba uzi huu usiunganishwe na zile za "ajira hakuna". Mimi ajira niliitwa. Nimetoka kuaibika juzi na hasira haijashuka, kwa hiyo mtanivumilia.

Nimemaliza shahada ya kwanza ya sayansi, baiolojia. Chuo sikitaji, cheti changu bado wamekikalia.

Usaili ulikuwa wa maabara, mradi wa utafiti wa mbu. Sehemu ya mdomo nilitiririka. Nikaulizwa PCR, ile njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, nikaimwaga yote: joto nyuzi 95 DNA inaachana, 55 hivi praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) zinajishika, 72 kimeng'enya kinajenga, unarudia mizunguko 30 na kipande kimoja kinafika zaidi ya bilioni. Nikawapa hadi Kary Mullis na Nobel yake ya 1993, na yule bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone aliyetupa hicho kimeng'enya. Wakaniuliza mradi wa mbu PCR ya nini. Nikajibu kwamba mbu wawili wa malaria, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, huwezi kuwatofautisha kwa macho, hata kwa hadubini, na tabia zao hazifanani: huyu wa pili anang'ata hata ng'ombe na hata nje ya nyumba, kwa hiyo chandarua peke yake hakimmalizi. Jopo likawa linatikisa vichwa kwa kuridhika. Moyoni nikaanza kupanga mshahara wa kwanza.

Kisha tukaingia maabara. Dada mmoja akanipa mikropipeti (kidude cha mkono cha kuvuta na kupima matone madogo), kikombe cha maji ya rangi na mizani. "Weka mikrolita 100 hapa, mara tano."

Kwa wasioijua: kitufe cha kile kidude kina vituo viwili. Unabonyeza hadi kituo cha kwanza, unachovya ncha, unaachia taratibu. Kituo cha pili ni cha kumalizia tone wakati wa kutoa. Mimi nikabonyeza mpaka chini kabisa, nikachovya, nikaachia pwaa. Mikrolita 100 za maji ni gramu 0.1. Mizani ikasoma 0.13. Mara ya pili 0.14. Mara ya tatu nikavuta mapovu. Yule dada hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, chuoni mlikuwa mnatumia pipeti za aina gani?"

Ningemjibu nini? Za kwenye slaidi?

Sasa ngoja niwaeleze hiyo kozi ya baiolojia ya molekuli. Mwongozo unasema saa tatu za maabara kila wiki. Wiki ya kwanza umeme ulikatika. Ya pili fundi alikuwa na msiba, huyo namsamehe. Ya tatu vitendanishi vimekwisha. Wiki ya tano tukagawiwa karatasi: kopi ya kopi ya picha ya jeli ambamo vipande vya DNA hutenganishwa kwa umeme, ile mistari ya DNA inaonekana kama masizi ya jiko la mkaa. "Pimeni kwa rula umbali wa kila mstari, chora grafu." Hiyo ikawa praktiko namba nne. Praktiko namba tano, karatasi nyingine.

Kinachonichoma zaidi ni ripoti. Tulitakiwa kuandika, "Sampuli ilipakiwa kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1, ikapitishiwa umeme wa volti 100." Ilipakiwa na nani? Ukiandika ukweli kwamba ulipewa karatasi, unakatwa alama kwa kukosa sehemu ya mbinu. Darasa zima, miaka mitatu ya kuhubiriwa uaminifu wa kisayansi, tunakaa chini ya mwembe kutunga uongo kwa kauli ya kutendwa. Na madesa ya waliotutangulia miaka minne yalikuwa na vipimo vilevile, milimita kwa milimita, maana picha ni ileile!

Mashine ya PCR ipo, msifikiri haipo. Nimeiona dirishani mara mbili. Imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi.

Ikolojia sitaki hata kuanza. Safari ya mafunzo ilifutwa, tukarusha fremu ya mbao ya kuhesabia mimea kwenye nyasi za mbele ya jengo la utawala. Kundi letu lilihesabu aina mbili za nyasi na vifuniko saba vya soda.

Najua mtaniambia vitendanishi ni ghali, vimeng'enya vinataka jokofu la chini ya sifuri nyuzi 20 na umeme wetu mnaujua, na kumpa kila mtu zamu kwenye darasa la watu 180 ni kazi. Nakubali yote. Mhadhiri wetu mwenyewe alikuwa anafundisha kozi nne, alikuwa amechoka kuliko sisi. Lakini angalieni nilianguka wapi. Sikuangukia kwenye kimeng'enya. Nimeanguka kwenye MAJI YA RANGI. Pipeti kumi, ndoo ya maji, rangi ya keki na mizani, hata umeme ukikatika mizani ya betri ipo. Mchana mmoja tu katika miaka mitatu! Ada ya maabara tumelipa kila mwaka bila kukosa, na nikipata kazi Bodi ya Mikopo itanikata asilimia 15 ya mshahara kulipia elimu hiyohiyo.

Nyongeza: naona wa hapo juu wanasema "ungejifunza YouTube". Nimeangalia video, mkuu, usiku wa kuamkia usaili niliangalia sita. Kidole gumba hakijui video. Kile kituo cha kwanza unakisikia kwa kidole, ni kama klachi ya pikipiki.

Barua ya majibu bado haijaja, ila mizani ilishanijibu. Waliosoma mwaka wa tatu baiolojia vyuo vingine, chuo msitaje, semeni mwaka tu: mlishika pipeti au na nyie mlipewa rula?