Naomba ushauri: kompyuta ninunue hapa Mtwara au niagize Kariakoo?

Habari zenu, wakubwa shikamooni. Mimi ni binti, nasoma uhasibu mwaka wa kwanza hapa Mtwara mjini, nyumbani ni Newala. Baba amelipwa hela ya korosho, kanikabidhi laki saba ya kompyuta, na kasema ikipotea hakuna nyingine mpaka msimu ujao. Ndiyo maana naogopa kukosea.

Duka moja hapa mjini wana HP EliteBook 840 G3 iliyotumika, RAM 8GB, SSD 256GB, laki sita na nusu. Mtandaoni nimepata muuzaji wa Kariakoo mwenye 840 G5, toleo jipya zaidi la hiyohiyo, kwa laki sita na ishirini, ila anataka nitume hela yote kwanza ndipo apakie kwenye basi. Nifanyeje?

Wa Chikongola
Mdogo wangu, usitume hata shilingi. Mimi nilituma laki tano na nusu kwa mtu wa namna hiyohiyo, picha safi, maneno matamu, mpaka jina la basi akanitajia. Nikashinda stendi tangu alfajiri, basi likaja, mzigo hamna. Kupiga simu, haipatikani. Hela ile nilikuwa nimedunduliza miezi minane.

Mmasasi wa Dar
Pole sana kaka, ila wa Kariakoo si wote matapeli. Dada, una ndugu Dar? Mwambie aende dukani kwa miguu yake, aiwashe, aikague, alipe palepale na adai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la duka na namba ya kompyuta yenyewe. Hapo bei ya Kariakoo ina maana. Kama huna mtu, achana nayo.

Fundi wa Ligula
Binti yangu, kabla ya duka tuizungumze mashine yenyewe, maana naona mnalinganisha vitu viwili tofauti. G3 kwa kawaida ina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha sita, G5 kizazi cha nane. Tazama namba: i5-6300U inaanza na 6, i5-8350U inaanza na 8. Windows 11 rasmi inataka kizazi cha nane kwenda juu kwa hizi za Intel, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Wapo wanaoilazimisha Windows 11 kwenye G3 na inakubali, lakini wewe una miaka mitatu ya masomo mbele yako. Laki sita na nusu kwa G3 mimi sitoi.

Popote utakaponunua, usilipe kabla ya kukaa nayo nusu saa. Chomeka chaji, tikisa waya kidogo pale tunduni. Ikikatakata, ujue tundu limechoka. Chomoa chaji, weka video, uone betri inashuka kwa kasi gani. Fungua na kufunga skrini polepole ukisikiliza bawaba. Bonyeza kila herufi ya kibodi, jaribu kila tundu la USB kwa fleshi. Halafu izime, iwashe huku unabonyezabonyeza F10 ili uingie kwenye mipangilio ya ndani ya mashine (BIOS). Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha. Nyingi ya hizi zilikuwa za maofisini Ulaya na Marekani, na kufuli lile kulifungua ni gharama. Zimeshafika mezani kwangu nyingi, wenyewe wanalia.

Mama Mikindani
Mwanangu, mimi nakushauri hapahapa. Mashine ikikorofisha wiki ya pili utaipeleka Dar kilomita mia tano na zaidi? Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara kukatika kule Somanga, printa yangu ilikuwa Dar kwa matengenezo. Kazi zangu zote za stesheneri zilisimama. Muulize mwenye duka kama anaweza kukuletea hiyo G5, uikague mbele yake. Wengi wanafuata mzigo Kariakoo hukohuko. Na dhamana aiandike kwenye risiti, ya mdomo haina kazi.

Mwenye uzi
Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimerudi dukani. G3 nimeifungua: i5-6300U, kama fundi alivyosema. Nimemuuliza mwenye duka kuhusu G5, kasema mzigo unaingia Alhamisi, laki saba kasoro ishirini, na miezi mitatu ya dhamana ataiandika. Kanitaka kianzio cha laki moja, nimemwambia baba hajaniruhusu kulipa kitu ambacho sijakishika. Kakubali.

Fundi, Alhamisi jioni utakuwepo Ligula? Naomba nije nikuchukue twende wote, nauli ya bodaboda juu yangu.

Fundi wa Ligula
Nipo. Njoo saa kumi, kabla hawajafunga. Fleshi ninayo.