Akiba ya mama imeiva, kampuni hailipi: naombeni ushauri

BintiMwalimu

Wakuu, habari za saa hizi. Naombeni mawazo yenu, jambo hili limetunyima usingizi nyumbani.

Mama ni mwalimu mstaafu. Akiwa kazini alijiunga na mpango wa akiba wa kampuni moja ya bima ya maisha. Makato yanatoka kwenye mshahara kila mwezi, mkataba ukiiva analipwa kiasi kilichoandikwa pamoja na bonasi. Alikatwa mpaka mwezi wa mwisho, mkataba ukaiva mwaka jana, na hadi leo hajaona hata senti.

Mwanzoni waliambiwa wateja wote wasubiri, mfumo unabadilishwa. Halafu ikawa wakala aliyemwandikisha ameacha kazi. Sasa wanadai michango ya baadhi ya miezi haionekani, wakati salary slip zote anazo. Kazifunga kwa uzi mwaka kwa mwaka, ziko kwenye bahasha ya kaki, hakuna hata moja iliyopotea.

Juzi wamempa njia mbili. Ama ahamishie fedha kwenye mpango mpya "ili asipoteze faida", ama aache cheti halisi cha bima, asaini fomu ya dischaji na asubiri kupigiwa simu. Kwenye fomu hiyo sehemu ya kiasi iko wazi, haijajazwa kitu.

Mama amechoka, yuko tayari kusaini. Mimi moyo unakataa. Asaini? Na asiposaini tuanzie wapi? Nawasilisha.

Mzee wa Madai

Pole sana binti, na mama mfikishie pole yangu. ASISAINI.

Nimefanya kazi idara ya madai ya bima kwa muda mrefu, fomu hiyo naijua. Isome mistari ya chini, utakuta maneno yenye maana kwamba mwenye bima amepokea malipo yote na hana dai lingine lolote. Fomu yenyewe ni ya kawaida, lakini inasainiwa kiasi kikiwa kimeshaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na mama akiwa ameikubali hesabu. Akisaini pakiwa wazi, kesho atakayejaza ni mwingine. Cheti halisi nacho kisitoke hivihivi. Wapeni nakala kwanza. Wakishikilia kwamba lazima kiwe halisi, wakipokee kwa maandishi yenye muhuri, jina la aliyepokea na tarehe.

Sasa dai mchanganuo. Hesabu ya bima iliyoiva haina maajabu: kiasi cha mkataba, ongeza bonasi, toa mkopo kama mama aliwahi kukopa kwa dhamana ya bima hiyo, toa michango isiyolipwa kama ipo. Bonasi za mwaka zikishatangazwa na kuongezwa kwenye mkataba, kwa kawaida hazinyang'anywi tena. Isiyo na uhakika ni ile bonasi ya mwisho inayotolewa wakati wa kuiva. Kama wakala alimwachia karatasi ya makadirio yenye namba kubwa, msiitegemee hiyo, kamateni cheti na barua za bonasi.

Hiyo miezi isiyoonekana nimekutana nayo sana. Ama mwajiri alikata asipeleke, ama alipeleka na kampuni ikaiingiza kwenye namba ya bima ya mtu mwingine. Tarakimu moja ikikosewa, mchango wa mama unakaa kwa jirani miaka yote. Ombeni taarifa ya michango mwezi kwa mwezi, kaeni nayo mezani na hiyo bahasha, mwekee alama kila mwezi unaobishaniwa. Halafu mwandikieni mwajiri atoe orodha ya makato aliyoipeleka kampuni miezi hiyo.

Na hata kama kweli kuna miezi yenye utata, hiyo si sababu ya kuzuia fedha zote. Walipe sehemu isiyobishaniwa, hiyo miezi ijadiliwe pembeni.

KisuKikali

Unachelewa dada. Hao ni matapeli, nenda polisi leo, halafu waanike mitandaoni na majina yao. Barua hawasomi hao.

Wakili wa Mtaani

Mkuu KisuKikali, uchungu wako naujua, ila utampotosha mama wa watu. Kampuni yenye leseni ikishindwa kulipa deni la mkataba, hilo kwa kawaida ni shauri la madai, si la jinai, mpaka uwe na ushahidi wa udanganyifu. Polisi watamrudisha. Na ukimtangaza mtu kuwa tapeli kabla ya kuthibitisha, unaweza kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa wa kashfa.

BintiMwalimu, andikeni barua ya madai. Ukurasa mmoja unatosha: namba ya bima, tarehe ya kuiva, kiasi mnachodai na mlivyokipata, mwisho wa kulipa (siku 14 ni muda wa haki), na kwamba baada ya hapo mnakwenda kwa msimamizi wa sekta mkidai pia riba ya ucheleweshaji. Ombeni kama wanakataa wakatae kwa maandishi na sababu zao. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Yale ya kuambiwa dirishani hayana uzito mbele ya msuluhishi.

Nchi hujataja. Kama ni Tanzania, bima inasimamiwa na TIRA, na chini ya Sheria ya Bima ya 2009 yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hapo mnaanza bila kwenda mahakamani. Kenya ni IRA. Wenye akiba kwenye SACCO wanaosoma uzi huu, Kenya mlango wenu ni SASRA, Tanzania ni Benki Kuu na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ukipeleka lalamiko lisilo lao unapoteza muda bure.

Muda nao una mwisho. Dai la mkataba Tanzania na Kenya, na hata Uingereza, ni miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza. Ila kampuni ikikiri deni kwa maandishi yaliyosainiwa, hesabu ya muda inaanza upya. Kwa hiyo barua yao ya "tunashughulikia malipo yako" msiitupe, ina thamani kuliko mnavyodhani.

Mhasibu Mstaafu

Wenzangu wamegusa fomu, mimi naongelea huo mpango mpya. Asiukubali kabisa. Akihamisha, deni lililoiva linakufa na kuzaliwa mkataba mchanga, na kampuni imejipatia miaka ya kupumua kwa jasho la mama. Tena kampuni inayobembeleza wateja wote wasichukue fedha zao inanitia shaka kama fedha ipo.

Kutunza karatasi si jambo dogo. India, Agosti 2012, Mahakama ya Juu iliamuru kampuni mbili za kundi la Sahara ziwarudishie wawekaji fedha zao pamoja na riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Ushindi mkubwa, lakini kumpata kila mwenye fedha na kumthibitisha kukawa kazi ya miaka. Mwaka 2023 serikali ilifungua tovuti ya madai kwa walioweka akiba kwenye vyama vya ushirika vya kundi hilo, na kilichotakiwa ni vilevile: namba ya uanachama, cheti, uthibitisho wa utambulisho. Piga picha slip zote, hifadhi sehemu mbili.

Muulizeni pia msimamizi kama leseni ya kampuni iko hai. Ikiwa imewekwa chini ya mfilisi, barua ya madai inakwenda kwa mfilisi, na kuna tarehe ya mwisho ya kusajili dai.

Nuru ya Asubuhi

Naongeza moja tu. Ukishaandika habari kama hii watakufuata inbox watu wa "tunakukomboleshea fedha zako, tanguliza ada ya faili". Msimtumie mtu kitu, wala picha ya cheti. Msimamizi wa kweli hatakutumia namba ya mtu binafsi umlipe.

BintiMwalimu

Asanteni sana wakuu. Nimemsomea mama majibu yote, fomu ameirudisha kwenye bahasha. Barua tumeiandika kama Wakili alivyoelekeza na nakala imegongwa muhuri.

Leo wamepiga simu, wako tayari kulipa sehemu kwanza "ili mzee asiteseke", nyingine baadaye. Tukipokea, tutakuwa tumeharibu dai?

Wakili wa Mtaani

Hamjaharibu, mradi msisaini kwamba ni malipo yote. Kabla ya kupokea wajibuni kwa maandishi: "Tunapokea kiasi hiki kama sehemu ya deni, bila kuacha haki ya kudai salio na riba." Fedha iingie kwenye akaunti ya mama mwenyewe, si kwa wakala. Wakileta tena dischaji, kata neno linalosema malipo yote, andika "sehemu ya malipo", mama asaini pembeni ya marekebisho na ofisa wao naye asaini hapohapo. Akikataa kusaini, ondokeni na fomu, siku 14 za barua zikiisha mpelekeeni msimamizi pamoja na nakala yenye muhuri.