Kinyago cha plasta cha uso wangu mwenyewe: unga wa jipsamu unafaa?

Kijana_wa_Jukwaa:
Wakuu, habari za jioni. Nasoma sanaa za maonyesho Bagamoyo. Kwenye mchezo wetu wa mwisho wa muhula nacheza baba aliyekufa anayerudi kuwasemesha wanawe, na mwongozaji anataka nivae kinyago chenye sura yangu mwenyewe, kilichozeeshwa kwa rangi. Kuchonga sijui. Duka la vifaa vya ujenzi hapa jirani wanauza unga wa jipsamu, ule wa dari, kwa bei nafuu. Je, nikiukoroga nikajimwagia usoni, nikapumulia mirija puani, nitapata umbo? Nina ndevu fupi. Naombeni ushauri kabla sijanunua.

Fundi_Dari:
Mkuu, acha kabisa. Natumia huo unga kila siku. Ukianza kushika, ukigusa ndoo kwa nje unasikia joto. Halafu ni mzito, shingo itakuuma.

Mama_Plasta:
Mwanangu, nimestaafu kazi ya chumba cha plasta hospitalini, kwa hiyo hili naomba unisikilize vizuri.

Unga huo ni jasi, kama inayochimbwa kule Makanya, wilayani Same, iliyookwa hadi ikapoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ukiutia maji unayarudisha, na hapo ndipo joto linapotoka. Ukiwa mnene unaweza kupita nyuzi 60. Mwaka 2007 kule Uingereza, binti wa miaka 16 aliingiza mikono kwenye ndoo ya plasta darasani ili apate umbo la mikono yake. Plasta ikashika, mikono ikawa haitoki, ikaungua humo humo, akapoteza karibu vidole vyote. Sasa fikiria uso.

Nunua bandeji za P.O.P, zile za kufungia waliovunjika, kwenye duka la vifaa vya hospitali. Roli mbili za upana wa inchi 4 zinatosha. Tabaka lake ni jembamba, joto linatoka upesi, unasikia uvuguvugu tu. Na tafuta mtu unayemwamini akufanyie, maana peke yako huwezi. Kama una mafua siku hiyo, ahirisha. Kama una pumu au unaogopa kufunikwa uso, usifanye.

Nyoa hizo ndevu. Nyusi, kope na ukingo wa nywele vipakwe mafuta ya mgando mazito mpaka nywele zilale. Bandeji ikatwe ikiwa kavu, vipande vya upana wa vidole viwili, na vingine vyembamba vya pua. Ukianza kukata na mikono yenye maji, roli nzima inaharibika.

Usilale chali. Ukilala, mashavu yanakimbilia masikioni na sura inakuwa si yako. Keti umeegemea, kichwa kwenye mto.

Kipande kichovywe kwenye maji ya uvuguvugu na kikamuliwe kidogo tu. Ukikisokota, plasta yote inabaki kwenye beseni. Kikishalala usoni, msaidizi akisugue kwa kidole mpaka vile vitundu vya kitambaa visionekane, ibaki krimu nyeupe laini. Kazi yote iko kwenye kusugua huko. Aanze na paji, mashavu, taya, amalizie mgongo wa pua na midomo. Tabaka tatu, na kingo ziwe na nne. Macho yaachwe wazi kabisa, jukwaani utayahitaji. Matundu ya pua nayo yaachwe wazi, na mirija usitumie: inatanua pua, na ikigongwa inakuumiza. Mkubaliane alama za mkono, kwa sababu mdomo ukifunikwa huongei. Mkono ukiinuliwa, anatoa kila kitu papo hapo.

Baada ya dakika 10 hadi 15, gonga kwa ukucha. Kikilia kikavu, kunja pua, vimbisha mashavu, inama mbele. Kitakuangukia mikononi. Kianikwe kivulini penye upepo siku moja au mbili. Maji ya beseni usimwage kwenye sinki, yatakuzibia bomba.

Kijana_wa_Jukwaa:
Shikamoo mama. Asante sana, jipsamu nimeiacha. Mambo mawili: natakiwa kuongea na kuimba nikiwa nimekivaa, na sijui nitakizeeshaje.

Mama_Plasta:
Marahaba mwanangu. Kwa kuimba, kiishie juu ya mdomo wa juu, taya libaki lako. Kata kwa mkasi jioni ile ile kikiwa na unyevunyevu, kesho yake kitapasuka.

Uzee ongeza kwa vipande vyembamba vya bandeji: mifuko chini ya macho, mikunjo ya paji. Ndani paka vanishi, jasho linalainisha plasta, kisha gundisha sponji kwenye paji.

Rangi usiipake kikiwa mezani. Mwishoni mwa 1917 mchongaji wa Kimarekani, Anna Coleman Ladd, alifungua karakana Paris ya kuwatengenezea vinyago askari walioharibiwa nyuso vitani. Alianza na umbo la plasta la uso wa askari, kinyago chenyewe kikawa cha shaba nyembamba, na rangi aliipaka askari akiwa amekivaa, ili ilingane na ngozi. Nawe kivae, usimame chini ya taa za jukwaa, mwenzako akupake akikutazama pia kutoka viti vya nyuma. Mikunjo inayoonekana mikali kwa karibu, kutoka huko haionekani kabisa.