Goti la mama linanyooka nikilisaidia, lakini halinyooki lenyewe: naomba ushauri

Binti Pangani
Salaam wanajukwaa. Mama yangu alivunjika pia ya goti la kulia, akafungwa plasta kwa majuma kadhaa, na daktari aliyeifungua amethibitisha kuwa mfupa umeunga. Kinachotutatiza ni kwamba akilala chali na kuinua mguu, kisigino kinaacha godoro lakini goti linabaki limepinda kidogo, ilhali mimi nikiunyoosha mguu huo kwa mkono unanyooka wote bila maumivu. Paja limesinyaa. Usiku huweka mto chini ya goti kwa kuwa anapata nafuu. Majirani wanashauri achuliwe kwa nguvu, je, nikubali?

Tabibu wa Viungo
Pole kwa kuuguza, dada. Goti lililokakamaa halinyooki hata likisaidiwa. La mama linanyooka, kwa hiyo udhaifu uko kwenye misuli ya mbele ya paja. Misuli hiyo ni minne, nayo huungana katika kano moja inayopita kwenye pia ya goti na kujishikiza sehemu ya juu ya mfupa wa muundi. Msuli uliofungwa hunywea upesi, na goti likiwa na uvimbe, hata mdogo, msuli huzuiwa kukaza, ndiyo maana hatua ya mwisho ya kunyooka, inayodai nguvu nyingi zaidi, hutangulia kupotea.

Mto uondoeni leo, kwa sababu goti likizoea kupinda litakakamaa kweli. Aketi amenyoosha mguu, taulo iliyokunjwa iwe chini ya goti, alikandamize kwa kukaza paja, ahesabu hadi tano, kisha alegeze. Weka kidole juu ya pia: akikaza sawasawa utaihisi ikipanda kuelekea pajani.

Mzee wa Kariakoo
Bibi yetu alichuliwa na akatembea. Tusidharau tiba za wazee.

Tabibu wa Viungo
Shikamoo mzee. Kusugua paja taratibu kwa mafuta hakuna ubaya, ila hakurudishi nguvu za msuli usiotumika, na kulikunja goti kwa nguvu wakati mfupa umeunga juzijuzi ni hatari. Dada, mama akishindwa ghafla hata kuinua kisigino, mrudini hospitali siku hiyohiyo, maana huenda kano imekatika.

Mzee wa Kariakoo
Marahaba. Hapo pa kukunja kwa nguvu nakubali.

Binti Pangani
Ahsanteni. Mwanzoni pia ya goti haikusogea; nilipomgusa paja ili ajue pa kukazia, ikapanda. Je, fimbo aishike mkono upi?

Tabibu wa Viungo
Wa kushoto, upande ulio mzima, na fimbo iende pamoja na mguu wa kulia.