Mtoto wa darasa la sita na imeili yake: paswedi akae nayo nani?

Wadau habari za jioni. Naomba tulijadili hili maana juzi kwenye kikao cha wazazi tulitoka tumenuniana. Shule inataka kila mtoto wa darasa la sita na la saba awe na imeili yake, kazi za likizo zitatumwa huko. Basi hapo ndo moto ukawaka. Baba mmoja akasema wa kwake hashiki simu mpaka amalize form four. Mama mmoja akasema yeye usiku mtoto akishalala anachukua simu anasoma kila kitu kilichoingia na hana mpango wa kuacha. Mwingine akajibu kwamba kumpekua mtoto ni kumfundisha kuficha, mwacheni akue. Mi pale nilinyamaza, ila jambo hili limeshanikuta nyumbani kwangu kwahiyo acha niseme.

Binti yangu ana miaka 11. Mwaka jana nilimpa simu yangu ya zamani, wakati wa kumfungulia akaunti ya Google wakauliza mwaka wa kuzaliwa, nikaweka wa kwangu, 1988, ili nimalize haraka nirudi kazini. Najua wengi humu mmefanya hivohivo. Sasa nimekuja kujua baadae nilichofanya. Anayetuma spam, yani zile imeili taka ambazo hukuziomba, hajui wala hajali mpokeaji ana miaka mingapi, anarusha kwa anwani maelfu kwa maelfu tu, lakini mtoto wa chini ya miaka 13 akifunguliwa akaunti yake kihalali kupitia Family Link, ile programu ya Google ya mzazi kusimamia akaunti ya mtoto, kwenye Gmail yake hakuna matangazo, na ujumbe ukishatambuliwa kuwa ni taka haumfikii kabisa, yani hata kwenye folda ya taka hauonekani. Kinga hiyo niliizima mimi siku ya kwanza. Akajiandikisha kwenye magemu mawili matatu kwa anwani ileile, na baada ya miezi kadhaa boksi limejaa mambo ya kubeti, mikopo ya dakika tano, umeshinda, na wanawake asiowajua wanamwita dear.

Hayo yote sikuyaona. Nilichoona mimi ni plasta. Siku moja naazima ile simu nipige, nakuta kamera ya mbele imebandikwa kipande cha plasta ya kidonda, nikauliza hii nini, akasema imepasuka. Haikuwa imepasuka. Nikambembeleza karibu saa nzima ndo akalia akaniambia kuna mtu alimwandikia kwamba amemrekodi kupitia kamera ya simu, ana video zake, na asipolipa kwa bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, atazituma kwa watu wote anaowajua. Ile meseji naijua, inasambazwa dunia nzima tangu 2018 hivi, maneno ni yaleyale kwa kila mtu na wakati mwingine wanaweka na paswedi yako ya zamani iliyovuja kwenye tovuti fulani ili uamini. Hakuna video yoyote. Mtu mzima akiisoma anaogopa dakika tano alafu anauliza jirani. Mwanangu alikaa nayo wiki mbili, alikuwa anabadilisha nguo gizani. Nilipomuuliza kwanini hukusema, akajibu, "Mama, ungeninyang'anya simu na ungenipiga."

Kwahiyo yule mama wa kusoma usiku, dada yangu nakuelewa kabisa uchungu wako, ila wangu alishaifuta ile meseji dakika ileile alivyoisoma, ningepekua nisingekuta kitu. Na baba wa form four, mtoto wako atamaliza, ataanza kuomba chuo na mkopo, vyote anatakiwa awe na imeili, na hapo ndo wanapokuja na barua feki za udhamini, lipia ada ya fomu kwanza. Atakutana nao akiwa hajawahi kuona hata spam moja akiwa na wewe pembeni. Na wa mwacheni akue, samahani, miaka 11 sio umri wa kuachiwa peke yake na mtu anayedai hela kwa vitisho.

Kuna aliyependekeza serikali iwe na orodha ya imeili za watoto alafu makampuni yakatazwe kutuma huko. Linavutia, lakini Marekani 2004 tume yao ya biashara, FTC, ilishaonya kwamba orodha ya hivyo inaweza kuishia mikononi mwa watuma spam wenyewe, na ikiwa inaonyesha zipi ni za watoto, wanaowawinda watoto nao wataitafuta. Majimbo ya Michigan na Utah yaliendelea yakaanzisha orodha za kwao 2005. Mi sitaki jina la mwanangu likae kwenye orodha yoyote. Sheria yetu Tanzania ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inazitaja jumbe zisizoombwa, ila inamlenga anayetuma kwa nia ya kutenda kosa, na huyo wa bitcoin utamkamatia wapi? Zile meseji za simu za matapeli, za "ile hela tuma kwenye namba hii", tunazipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, na inasaidia, kwasababu laini imesajiliwa kwa kidole cha mtu aliyeko hapahapa nchini. Imeili haina kidole.

Sasa nyumbani tumefanya hivi, akaunti ya zamani nimeifuta, nimefungua nyingine kwa umri wake wa kweli, paswedi tunaijua wote wawili na yeye anajua kwamba naijua. Jumapili jioni tunakaa tunafungua pamoja, na sibonyezi ile sehemu ya kujitoa kwenye meseji nisiyoijua inatoka wapi, maana ukibonyeza unamthibitishia kuwa anwani ina mtu. Na nimemwahidi, mbele ya bibi yake, kwamba akiniletea kitu cha kutisha simu hainyang'anywi na hapigwi. Hiyo ahadi ndo ngumu kuliko yote jamani, mwezi uliopita nilikaribia kuivunja.

Kikao kinaendelea wiki ijayo na nataka nisimame niombe shule isiwafungulie watoto imeili kwa mkupuo kwa kuwabunia miaka, kila mzazi afungue mwenyewe kwa umri wa kweli. Wenye watoto wa form one na two naomba mniambie, akishafika 13 mmeendelea kushika paswedi au mmemwachia? Na mlimwambiaje?